Siku Nilipomzungusha Mama Mkwe Angani

Kazi yangu ni kuongoza ndege. Kila ninapolitaja jambo hili mbele za watu, mmoja huniuliza kama mimi ndiye ninayepunga vile vibendera uwanjani, na mwingine hutaka kujua nimewahi kurusha ndege ya aina gani. Sirushi, na vibendera sina. Nakaa katika chumba chenye baridi pale uwanjani kwetu Changamwe, Mombasa, nimevaa hedifoni, natazama rada na kuwaambia marubani nani atangulie, nani afuate na nani angoje. Kwa ufupi, nalipwa kuwaambia watu wenye haraka wasubiri. Kisha narudi nyumbani Magongo, ambako hakuna hata mmoja anayenitii.

Ilipokuja korona ndege zilikatika. Hazikupungua, zilikatika, kama mfereji unavyokatika maji. Tukabaki tumekaa mbele ya rada tupu, na mimi, ambaye kwa miaka nilikuwa nikinung'unika kwamba kazi ni nyingi mno, nikaanza kuona upweke. Ndege ya mizigo ikitokea, nilikuwa namwongoza rubani wake kwa maneno mengi kuliko yanayohitajika. Sheria ya redioni ni kusema machache na kunyamaza. Mimi nilikuwa nampa hali ya hewa, nikirudia, nikimuuliza kama amesikia vizuri, nikimtakia safari njema mara mbili. Siku moja rubani mmoja aliniuliza kwa upole, "Uwanja, kuna shida yoyote huko chini?" Nikamwambia hakuna. Nikaona haya, nikanyamaza mpaka alipotua.

Mwili nao ukapata nafasi yake. Vifungo vya shati la kazi vilianza kulalamika, kimoja kikaruka kwenye meza ya chakula na kutumbukia kwenye mchuzi wa mke wangu. Alikitoa kwa kijiko, akakiweka mbele yangu na kuniambia, "Ndege ya kwanza kutua wiki hii."

Basi ndege zikarudi. Zilianza za Nairobi, za watu waliochoka kufungiwa nyumba wakitaka kuiona bahari. Zikafuata zile kubwa za watalii kutoka Ulaya, na vindege vidogo vya kwenda mbugani, mpaka Jumamosi moja mchana nikainua macho kwenye rada nikaona imejaa vidoa kama uso wa mtoto mwenye tetekuwanga. Nilikuwa nimeiombea siku ile kwa muda mrefu. Ilipofika, niliiita ndege iliyokuwa upande wa kaskazini kwa jina la ndege iliyokuwa upande wa kusini. Zote mbili zilinijibu kwa adabu. Zilikuwa mbalimbali, hakuna lililoharibika, na mwenzangu wa kiti cha pili alilisahihisha neno langu kabla mimi mwenyewe sijalitambua kosa. Lakini nilitoka nje kwenda kunawa uso, nikaunawa mara tatu.

Mwenzangu huyo ni mwanamke wa kutoka bara, mwenye Kiswahili cha haraka na moyo usio na kona. Alinifuata nje akaniambia, "Mzee, hata mimi niko hivyo. Sisi wote tumeshika kutu. Na tena tuko wachache."

Alisema kweli. Wakati wa ukimya ule mmoja wetu alistaafu, mwingine akaenda kufanya kazi Ughaibuni, na wa tatu aliingia katika kilimo cha nyanya na hapokei simu. Walioletwa badala yao walikuwa na vyeti vizuri, lakini walijifunza kazi wakati mbingu ni tupu. Hawakuwahi kuona ndege nyingi zikitaka kutua kwa pamoja. Ni kama mtu aliyefunzwa kuendesha gari Ijumaa ya sikukuu asubuhi, kisha umpeleke kwenye msongamano wa Makupa saa ya watu kutoka kazini.

Nikaenda kwa mkuu wetu. Ni mtu mpole, mpenzi wa chai ya tangawizi, na wakati ule masikio yake yalikuwa yamejaa vilio. Mashirika ya ndege yalitaka nafasi zaidi, mahoteli yalitaka wageni, na kila mtu alikuwa akimwambia afungue milango.

"Mkuu," nikamwambia, "tupunguze ndege tunazopokea kwa saa moja. Kwa muda tu."

Aliweka kikombe chini. "Watu wamekaa njaa, leo riziki imerudi, nawe unaniambia nipunguze? Njia ya kurukia ni ile ile. Rada ni ile ile. Tulikuwa tukizipokea zote hizi zamani."

"Watu si wale wale."

"Basi niandikie mpango," alisema, na nikaona kwa macho yake kwamba alidhani sitauandika.

Niliuandika. Tena niliupa jina refu, Mpango wa Kurejesha Safari za Anga kwa Utaratibu na Usalama, na nikalipigia mstari chini. Maana yake yote ingeweza kuandikwa kwenye kiganja. Tupokee ndege kwa kadiri ya watu walio kazini, si kwa kadiri ya upana wa lami. Mmoja wetu akikosekana, tuongeze nafasi kati ya ndege na ndege. Na kama lazima ndege ingoje, ingoje chini huko ilikotoka, abiria wakinywa chai yao, isije ikangojea juu ikinywa mafuta. Kila wiki vijana wetu wakizoea, tuongeze kidogo, mpaka turudi tulipokuwa.

Mkuu alitaka kuona mpango ukifanya kazi kabla ya kuutia saini. Mtambo wa kufanyia mazoezi hatukuwa nao karibu, basi nikawaita wenzangu nyuma ya jengo, pale tunapoegesha magari. Nilimpa kila mmoja karatasi yenye jina la ndege aishike kifuani. Mimi nilisimama katikati na redio ya mkononi, nao wakawa wanakuja kwangu kutoka pembe zote, polepole, mikono wameitandaza kwa sababu mmoja alianza kwa mzaha na wengine wakaona ndiyo amri. Mwenzangu wa bara alikuwa ndege kubwa ya watalii na alikataa katakata kupunguza mwendo. Nikawa nawazungusha baadhi yao kando ya mti wa mwarobaini wakisubiri zamu. Jua la saa saba lilikuwa likituchoma, na mimi nilikuwa nikitoa amri kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwangu.

Mlinzi wa lango, mzee wa Kimijikenda, alitutazama kwa muda mrefu. Mwishowe alinisogelea, akauliza kwa heshima, "Hii harusi ni ya lini, nami nijitayarishe?"

Mkuu alikuwa dirishani na kikombe chake. Alicheka mpaka akalazimika kukiweka chini. Kisha akatia saini. Hadi leo sijui kama alishawishika na hoja zangu au alinionea huruma.

Hapo ndipo kichwa changu kilipovimba. Sikuwahi kuwa mtu wa kubembelezwa. Sasa wakubwa wa mashirika walikuwa wakinipigia simu wakiniita mheshimiwa, wakiniomba niwatafutie kinafasi kidogo Jumamosi mchana. Jumamosi mchana ndiyo ilikuwa saa yetu mbaya kuliko zote, ndege za Nairobi na za Ulaya zikikutana pale pale. Nami nilikuwa nawajibu kwa ile sauti ya watu wa benki, "Ndugu yangu, saa ile imejaa. Kwa nini mtu asisafiri asubuhi?" Niliisema sentensi hiyo mara nyingi mpaka nikaipenda. Nyumbani, wakati wa chakula, nilikuwa nikisimulia niliowakatalia siku hiyo, mmoja baada ya mwingine, huku nikimega mkate.

Mke wangu alinisikiliza siku kadhaa, kisha akasema, "Wewe bwana umekuwa kama yule wa ferry ya Likoni aliyepewa kipaza sauti. Kupanda watu hawampandi yeye, lakini anavyowapigia kelele utadhani chombo ni cha babake."

Nilikasirika kwa sababu alikuwa amepatia.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Bofu, huko Likoni, wa ukoo wa zamani ambao Kiswahili chao hakijawahi kuomba ruhusa kwa mtu; juu kwao ni yuu, na njia ni ndia. Mimi nilizaliwa Utange, ng'ambo ya pili ya mji huo huo, na kwake yeye hiyo ni nchi ya mbali, ya watu wanaochanganya maneno. Tangu nimwoe binti yake ananipenda, lakini kwa namna anavyopendwa mgeni aliyekawia kuondoka. Amekaa mjane katika nyumba yake miaka mingi, na kila Idi mke wangu humsihi aje akae nasi Magongo. Kila Idi hukataa. Nami kila Idi huongeza sauti yangu, "Njoo, mama, nyumba ni yako," kwa ukarimu mkubwa, kwa kuwa jibu nalijua.

Mwaka ule alikuwa Nairobi. Binti yake mdogo alijifungua, naye akapanda treni kwenda kumlea mzazi. Arobaini ilipokwisha akataka kurudi. Mguu ulikuwa ukimuuma, kukaa kwenye kiti cha treni tangu asubuhi hadi alasiri hakuwezi. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikachukua simu kutoka mkononi mwa mke wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, utarudi kwa ndege. Tiketi naikata leo."

"Ndege? Mimi? Nipae yuu?"

"Ni kidogo tu, mama. Hata kahawa haijapoa umeshafika."

"Na ikianguka?"

"Haitaanguka. Mimi ndiye niliyeko mlangoni. Nitakutua kwa mkono wangu mwenyewe."

Niliyasema maneno hayo. Mke wangu shahidi. Na ili niweze kumtua kwa mkono wangu mwenyewe, nilimtafutia ndege itakayofika wakati wa zamu yangu. Zamu yangu ilikuwa Jumamosi mchana.

Mke wangu ndiye aliyegundua. "Si hiyo ndiyo saa unayowakataza watu?"

"Kwa wengine," nikamjibu.

Jumamosi hiyo niliingia kazini nimenyoa, nimepiga pasi shati jipya lenye vifungo vinavyofika. Nikawaambia wenzangu mapema kwamba leo ndani ya ndege fulani kuna mama mkwe. Mwenzangu wa bara akasema, "Basi leo tutajua wewe ni nani."

Mambo yalianza kuharibika taratibu. Kwanza, kijana mmoja wa zamu yetu alipiga simu kwamba anaumwa na tumbo na hawezi kuja. Mpango wangu ulisema wazi, mmoja akikosekana tuongeze nafasi kati ya ndege na ndege. Nikapiga simu Nairobi wawazuie chini wale ambao hawajaondoka. Wakaniambia, sawa, lakini kuna mmoja ambaye magurudumu yake yameshaacha ardhi sasa hivi. Nikauliza jina la ndege. Nilikuwa nalijua kabla hawajalitaja.

Kisha ikaja mvua. Si mvua ya kutisha, ni ile ya kwetu, wingu moja jeusi linaloshuka juu ya uwanja, likamwaga ndoo zake zote na kwenda zake kana kwamba halikufanya kitu. Lakini wakati linamwaga hakuna rubani anayeona njia, na kila aliyekuwa karibu kutua alilazimika kungoja. Ndege kubwa ya Ulaya ilikuwa imefika mapema, imechoka, mafuta yake ni ya kuhesabu. Nyuma yake kulikuwa na nyingine ya watalii, na vindege viwili vya mbugani. Na nyuma ya wote, mwisho kabisa wa foleni, rubani mwenye sauti changamfu aliniita kunisalimu na kuniuliza kama anaweza kuteremka.

Nilikiangalia kile kidoa chake. Nikamwambia asubiri juu, upande wa bahari, azunguke pale mpaka nitakapomwita.

"Itakuwa muda gani?" aliuliza.

Nikamwambia. Akasema sawa, na kidoa kikaanza kuzunguka.

Mwenzangu wa bara alinigeukia. Alikuwa ameziba kinasa sauti chake kwa mkono. "Hiyo si ndiyo ya mathe, mkweo?"

"Ndiyo."

"Unataka tumpitishe?"

Ningependa kuandika hapa kwamba nilikataa kwa uadilifu. Nilijibu, "Kila mtu kwa zamu yake," kwa sauti nzito, na kijana mwingine wa zamu yetu, aliyekuwa amesimama karibu na ukuta, alinitazama kwa heshima ambayo bado ananidai niistahili. Lakini nimeshaona haya ya kutosha maishani kiasi cha kuweza kusema ukweli. Hakukuwa na mahali pa kumpitisha. Nilikuwa nimeshatazama kila upenyo kabla mwenzangu hajauliza. Mbele yake palikuwa na ndege yenye mafuta machache, na mbele ya hiyo palikuwa na mvua. Hata kama ningetaka kutenda dhambi, sikuwa na nafasi ya kuitendea. Mpango wangu ulikuwa mzuri, ulifanya kazi sawasawa, na ulikuwa umenishika shingo.

Nikafanya kazi. Na hili nalisema bila mzaha. Wingu lilipohama nilimteremsha yule wa Ulaya, nikasubiri atoke kwenye njia, nikamleta wa pili, nikavipenyeza vindege vidogo. Sikukosea jina hata moja. Mwenzangu alikuwa akinishikia upande wa kaskazini na hatukuhitaji kutazamana. Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza tangu ule ugonjwa kuhisi kwamba kichwa changu kimerudi mahali pake. Nyuma ya furaha hiyo, pembeni mwa jicho, kidoa kimoja kilikuwa kikizunguka, kikizunguka, kila mara kikipinda upande wa Likoni.

Mwisho nikamwita. Akashuka, akatua vizuri, akanishukuru. Nikavua hedifoni na kumpisha anayenipokea zamu. Mwenzangu alinipiga bega. "Umetuliza, mzee. Sasa enda ukatulie na wewe."

Mke wangu alikuwa amesimama mahali pa kupokelea wageni, amevaa buibui lake jeusi la kwenda mahali pa maana, mikono ameikunja. Alikuwa ameona ubao unavyobadilika, ndege ya mama yake ikiandikwa imechelewa, kisha imechelewa tena.

"Ulisema utamtua kwa mkono wako," alianza.

"Nimemtua."

"Baada ya kumfanya nini?"

Hapo mama mkwe akatokea. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu kwa ajili ya mguu wake, akisukumwa na mfanyakazi wa uwanja, leso yake imefungwa vizuri, tasbihi mkononi, uso umekauka kama mtu anayetoka kusomewa hukumu. Nilimsogelea, nikainama.

"Shikamoo, mama. Pole na safari."

"Marahaba." Akaishusha tasbihi mapajani. "Mwanangu, nakuuliza. Ndege hupotea ndia?"

"Hapana, mama. Ilikuwa ikisubiri."

"Ikisubiri nini?"

"Zamu. Kulikuwa na foleni."

"Yuu?"

"Ndiyo, mama. Juu."

Aligeuza tasbihi kidogo. "Mimi nimeiona Likoni. Nikasema, alhamdulillahi, ndiyo ile nyumbani. Ikaondoka. Ikaya bahari tupu. Nikaiona Likoni tena. Nikasema, sasa tumefika. Ikaondoka tena! Wallahi nikamwambia kijana aliyekaa nami, huyu dereva haiyui Mombasa. Kijana akaniambia, mama, si dereva, ni watu wa chini ndio wanaotuzuia. Nikamwambia, basi mimi nawayua watu wa chini. Mmoja wao amemuoa mwanangu."

Mfanyakazi aliyekuwa akimsukuma alipata jambo la kutazama darini. Mke wangu alikuwa amefunika mdomo kwa pembe ya mtandio, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Samahani sana, mama," nikasema.

"Usiniombe samahani, nisikize." Sasa uso wake ulibadilika, ukawa mpole kidogo, na hilo lilinitisha zaidi. "Ilipozunguka mara ile ya mwisho nilisoma yote niliyoyasoma chuoni. Yakanishia. Nikaweka nadhiri. Nikasema, ewe Mola wangu, nikikanyaga tena mtanga wa kwetu, sitamkataa tena mwanangu. Miaka yote hii ananiita nikae naye, na mumewe ananiita, nami najitia ukaidi. Nitakwenda Magongo. Nitakaa nao."

Mke wangu aliacha kucheka. Kisha akampigia magoti mama yake pale pale kwenye vigae, akamkumbatia miguu, akaanza kulia. Kilio cha furaha cha mtu aliyeomba jambo kwa miaka mingi. Na mimi nilisimama juu yao nikiwa nimeshika kibegi cha mama mkwe, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Njoo, mama, nyumba ni yako," na kwa mara ya kwanza maneno hayo yalikuwa na uzito.

Alihamia juma lile lile. Chumba nilichokuwa nikikiita ofisi, na ambacho kwa kweli kilikuwa na meza moja na baiskeli ya mazoezi niliyoinunua baada ya kisa cha kifungo, kikawa chake. Baiskeli ilikwenda varandani, mama akawa anaianikia kanga.

Nyumba yetu Magongo iko karibu na njia ya ndege zinazoteremka. Sisi tulishaacha kuzisikia. Yeye alizisikia zote. Alikaa barazani na chai yake, ndege ikipita anainua uso, na nikirudi kazini ananingoja na maswali. "Leo mumewaweka wangapi yuu?" Ndilo lilikuwa la kwanza, kabla hata sijavua viatu. Nikimwambia hakuna aliyengojea, alifurahi kana kwamba yeye ndiye aliyekombolewa. Nikimwambia wawili walizunguka kidogo, alitikisa kichwa na kuwaombea. "Na mmoja wao alikuwa na mama yake?" Nilimwambia sijui, mama, sisi tunaona vidoa tu. "Basi yua," aliniambia.

Tatizo ni kwamba aliwasimulia majirani. Alikisimulia kile kisa cha kuzungushwa kwa ustadi mkubwa, kwa mikono, na kila mara mimi nilitoka nimekuwa mkubwa zaidi na katili zaidi. Haukupita muda watu wa mtaani wakaanza kuja kwangu na malalamiko. Jirani mmoja, mfanyakazi wa bandarini, alikuja kuniuliza kwa nini mzigo wa shemeji yake umepotea huko Dubai. Mama mmoja wa kanisa la mtaani alitaka nimsaidie mwanawe aliyekosa viza. Nilieleza kwamba kazi yangu ni kupanga foleni angani tu. "Ndiyo," walisema, "tumesikia." Na walinitazama kwa macho ya watu wanaojua kwamba nimekataa kwa roho mbaya.

Huko kazini tulikuwa tunaongeza kidogo kidogo, kama nilivyoandika. Vijana waliiva. Yule aliyekuwa akiumwa na tumbo aligeuka kuwa mwongozaji hodari sana, mtulivu kuliko mimi. Simu za kubembeleza zikapungua, kwani nafasi zilikuwepo, na sikuwa tena na la kukataa. Niseme ukweli, nilizikosa kidogo. Kulikuwa na asubuhi niliyoitazama simu ile mezani na kutamani japo shirika moja linilalamikie.

Siku tuliyorudi kupokea idadi ile ile ya zamani, mkuu aliitisha kikao kifupi. Alisifu mpango. Aliusifu kwa jina lake lote refu, akasema umeonyesha nini kinaweza kufanyika ofisi nzima ikishirikiana. Jina la aliyeuandika hakulitaja. Nilikuwa nimejiandaa kusimama kwa unyenyekevu na kusema si kitu. Nilikuwa hata nimeshajiinua kidogo kwenye kiti. Ilinibidi nijifanye natafuta leso mfukoni. Mwenzangu wa bara, aliyekuwa pembeni yangu, aliniona, akanipitishia sahani ya maandazi, nami nikachukua mawili.

Mama mkwe alikaa nasi muda mrefu kuliko nilivyoogopa na mfupi kuliko mke wangu alivyotaka. Siku moja alisema nadhiri yake ameitimiza, mguu umepona, na nyumba ya Bofu isipofunguliwa madirisha itaingia mchwa. Nilimpeleka mwenyewe hadi mlangoni kwake. Aliponishika mkono kuniaga aliniambia, "Una kazi nzito, mwanangu. Nalidhani wajisifu tu." Nikamwambia kwamba najisifu pia. Alicheka, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kuniona kama mtu wa nyumbani.

Juma lililofuata nilikuwa na zamu ngumu, Jumamosi iliyojaa pomoni, wageni wa likizo kutoka kila upande, na hatukumweka angani hata mmoja. Nilirudi Magongo nimechangamka, nikaingia na kuanza kusimulia tangu mlangoni. Barazani hapakuwa na mtu. Nikaendelea kusimulia hadi jikoni, ambako mke wangu alikuwa akikuna nazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza, akitikisa kichwa pale panapostahili.

"Hongera," alisema. Kisha akanyoosha mkono. "Na ile chumvi niliyokuagiza?"

Nilivaa viatu tena nikashuka dukani.